Shule ya kimataifa: anza na mlango wa kutokea

Siku ya kwanza nilipokaa mbele ya afisa udahili wa shule ya kimataifa, niliuliza swali moja tu: karo ni kiasi gani kwa mwaka? Akanipa karatasi. Nikasoma mstari wa juu, nikaupima na mshahara, nikaondoka nimeridhika. Miaka miwili baadaye kazi ilituhamisha. Nikaandika barua ya kumwondoa mtoto wiki tatu kabla ya kufunga muhula, nikiamini nimewahi vya kutosha. Jibu likaja na ankara: nilidaiwa karo ya muhula mzima unaofuata, na amana niliyoweka siku ya kujiunga ilikuwa imekatwa humo humo. Kifungu kilikuwepo kwenye mkataba, ukurasa wa nne, na sahihi yangu chini yake.

Tangu hapo, ndugu au rafiki akiniomba nimsaidie kutafuta shule, tunaanzia mwisho. Mtoto atatokea lini, atakwenda wapi, akiwa na cheti gani, na kutoka huko kutagharimu nini. Ukiwa na majibu hayo, mtaala unaofaa huonekana bila kubabaika, na jedwali la ada linasomeka.

Hatua ya 1: Andika mtoto anaelekea wapi

Chukua karatasi kabla hujafungua tovuti ya shule yoyote. Andika mambo matatu: mtakaa hapo mlipo kwa muda gani, mkiondoka mtoto ataendelea na masomo wapi, na nani analipa kwa muda gani. Kama analipa mwajiri, andika mkataba wa kazi unaisha lini. Kama unalipa mwenyewe, andika ni miaka mingapi unaweza kulipa hata kipato kikiyumba kidogo.

Kwa mtoto wa miaka 5 au 6 si lazima majibu yawe kamili. Mitaala ya shule za msingi inasameheana. Mtoto akihama anahangaika muhula mmoja kisha anazoea. Umri wa kuwa makini ni kuanzia miaka 14. Hapo masomo yanafungwa katika mizunguko ya miaka miwili miwili inayoishia kwenye mtihani, na kumhamisha katikati ya mzunguko ni kumkata mguu. Silabasi hazifanani, vitabu vya fasihi ni vingine, na kazi za alama alizokwisha fanya huenda zisihesabiwe.

Kuna watoto watakaorudi kwenye mfumo wa taifa lao. Mtoto wa namna hiyo anahitaji lugha ya nchi yake awe anaiandika, maana kuizungumza mezani peke yake hakumfikishi kwenye mtihani. Hili liulizie mapema, kwa sababu shule nyingi zina somo la lugha ya kwanza kwa lugha chache tu, na zilizobaki huachwa kwa walimu wa ziada ambao mzazi anawalipa mwenyewe.

Hatua ya 2: Oanisha mtaala na huko anakokwenda

Inasaidia kujua shule hizi zilizaliwa kwa sababu gani. Shule ya kimataifa ya Geneva ilianzishwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na Shirika la Kazi Duniani, watu wa kuhamahama. Tatizo lao kubwa lilikuwa pale mwishoni: watoto wa nchi mbalimbali wamesoma darasa moja, kila mmoja anataka chuo kikuu cha kwao, na kila nchi inataka cheti chake. Kutokana na tatizo hilo ndipo mwaka 1968, katika jiji hilo hilo, ikazaliwa International Baccalaureate, ambayo wengi tunaiita IB. Yaani hata waanzilishi waliutazama mlango wa kutokea.

IB ina ngazi tatu kuu kwa umri: programu ya msingi kwa miaka 3 hadi 12, ya kati kwa miaka 11 hadi 16, na Diploma kwa miaka 16 hadi 19. Ipo pia ya nne, inayochanganya baadhi ya masomo ya Diploma na mafunzo ya taaluma ya kazi. Diploma ndiyo inayojulikana zaidi. Mwanafunzi huchukua masomo 6, kila moja likiwa na alama za juu kabisa 7, na alama 3 za nyongeza hutokana na insha ya utafiti ya maneno yasiyozidi 4,000 pamoja na somo la nadharia ya maarifa. Jumla ni 45, na kufaulu kunaanzia 24, yakiwepo na masharti mengine. Ni mtaala mzuri kwa kijana anayependa mambo mengi na anayeweza kupanga muda wake. Kijana aliye hodari wa hesabu na fizikia lakini anayeteswa na lugha atabeba lugha mbili hadi mwisho, kwa kuwa Diploma haimruhusu kuziacha.

Kijana wa aina hiyo mara nyingi hupumua kwenye mfumo wa Kiingereza. Kwanza huja IGCSE, mitihani iliyoanza mwaka 1988, kwa kawaida akiwa na miaka 14 hadi 16. Kisha A Level, ambapo wengi huchukua masomo 3 na kuzama ndani yake. Vyuo vikuu vya Uingereza hutoa nafasi vikitazama alama za masomo hayo. Hatari yake ni kwamba kijana wa miaka 16 anachagua masomo matatu yanayofunga milango mingine: akiacha kemia leo, udaktari unamponyoka.

Mfumo wa Kimarekani unahesabu kazi ya miaka minne ya sekondari, darasa la 9 hadi la 12, na nakala ya alama za miaka yote hiyo ndiyo inayotumwa vyuoni. Juu yake mwanafunzi anaweza kuongeza kozi za Advanced Placement, AP, ambazo mitihani yake hupewa alama 1 hadi 5. Ukimwingiza mtoto kwenye mfumo huu akiwa darasa la 11, alama za miaka miwili iliyopita lazima zitafutwe zilikotoka na kutafsiriwa. Inawezekana, ila ianze miezi kabla.

Shule za Kifaransa zilizo chini ya AEFE, wakala wa serikali ya Ufaransa ulioundwa mwaka 1990 kusimamia shule zake za ng'ambo, zina faida kubwa kwa familia inayohama mara kwa mara. Mtaala ni ule wa Ufaransa, na mtoto anayehama kutoka shule moja kwenda nyingine huendelea pale pale alipoachia. Lakini huo ni mlango wa lugha ya Kifaransa, na kuugeuza baadaye ni kazi.

Chuo kikuu kikishajulikana hata kwa nchi tu, soma masharti ya nchi hiyo moja kwa moja. Ujerumani, kwa mfano, hutazama mchanganyiko wa masomo ndani ya Diploma ya IB kabla ya kuitambua kuwa cheti cha kuingilia chuo kikuu. Kijana anaweza kuwa na alama nzuri na bado akakwama kwa sababu ya somo la hesabu alilochagua miaka miwili nyuma. Mshauri wa vyuo wa shule anapaswa kulijua hilo. Muulize, na usikilize kama anajibu au anabahatisha.

Jambo dogo linalowachanganya wazazi kila mwaka: Year 5 ya Kiingereza si Grade 5 ya Kimarekani. Mfumo wa Kiingereza huanza kuhesabu mwaka mmoja mapema, kwa hiyo Year 5 ni sawa na Grade 4. Mara zote linganisha kwa umri wa mtoto na tarehe ambayo shule huitumia kuhesabu umri wa kuingia darasa, na uangalie mwaka wa masomo unaanza Januari, Agosti au Septemba. Nimeona mtoto akirudishwa darasa bila sababu, kisa mzazi alilinganisha namba.

Hatua ya 3: Hakikisha shule ni kile inachosema

Neno "kimataifa" katika nchi nyingi halilindwi na sheria yoyote. Ukiwa na rangi na ubao, unaweza kuliandika getini. Kwa hiyo usiulize "ninyi ni shule ya kimataifa?" Uliza "nani amewaidhinisha, kwa programu ipi, tangu lini, na ukaguzi ujao ni lini?"

Majibu ya maswali hayo yahakikishe kwenye chanzo. IB ina orodha ya shule zake kwenye tovuti yake, na inaonyesha kila shule imeidhinishwa kwa programu ipi. Hapa ndipo watu huteleza. Shule inaweza kuwa imeidhinishwa kwa programu ya msingi peke yake, mzazi akadhani mtoto atamaliza Diploma pale. Au shule ikawa bado mgombea, maana yake imeomba na iko kwenye maandalizi. IB yenyewe inasema wazi kwamba hadhi ya mgombea haihakikishi kuwa idhini itatolewa. Kama mtoto wako anaanza Diploma mwaka ujao, usimweke kwenye shule mgombea kwa ahadi ya mdomo. Cambridge, moja ya bodi zinazotunga mitihani ya IGCSE na A Level, nayo ina orodha ya shule zilizosajiliwa, na hapo uliza swali la ziada: je, mitihani inafanyika shuleni hapa au wanafunzi hupelekwa kituo kingine?

Mbali na mtaala, ipo ithibati ya shule nzima: uongozi, fedha, usalama wa watoto, ufundishaji. Majina utakayokutana nayo ni Council of International Schools, yaani CIS. NEASC ya Marekani, iliyoanza mwaka 1885. Na WASC, ya Marekani pia. Uingereza ina mpango wake wa kukagua shule za Kiingereza zilizo ng'ambo, na ripoti zake huwekwa hadharani. Zisome. Ukaguzi wa namna hii haumhakikishii mtoto wako furaha, lakini unaonyesha kuwa kuna mtu wa nje aliyefungua makabati. Pia "mwanachama" wa shirika si sawa na "mwenye ithibati" ya shirika. Uanachama ni hatua nyepesi zaidi, na baadhi ya shule huweka nembo ukurasa wa mbele bila kutofautisha.

Usisahau leseni ya nchi mnamoishi. Shule yenye nembo zote za ng'ambo lakini isiyo na kibali cha wizara ya hapo inaweza kufungwa katikati ya muhula.

Hatua ya 4: Soma jedwali la ada mstari kwa mstari

Hapa nakaa kwa muda, maana ndipo pesa inapovujia.

Weka jedwali mezani na uanzie chini, kwenye maandishi madogo. Kuna kinyota kinachosema karo haijumuishi nini, na kingine kinachosema ada zinaweza kubadilika. Ukishasoma hivyo viwili, panda juu na upange kila mstari katika makundi manne: kinacholipwa mara moja na hakirudi, kinacholipwa mara moja na kinaweza kurudi, kinacholipwa kila mwaka, na kinachochomoza baadaye kwenye madarasa fulani.

Kundi la kwanza lina ada ya fomu, ada ya tathmini ya mtoto na ada ya usajili au ya kushika nafasi. Ya fomu hulipwa hata mtoto akikataliwa, kwa hiyo usitawanye maombi shule nane kwa sababu tu ya wasiwasi. Ya kushika nafasi huwa na siku ya mwisho. Ukilipa kisha ukabadili mawazo imekwenda.

Humo pia mara nyingi kuna mchango wa majengo, ambao shule nyingine huuita mchango wa maendeleo. Huu unaweza kuwa mkubwa kuliko vyote ukiacha karo. Uliza maswali manne: unalipwa mara moja au kila mwaka, kila mtoto au kila familia, unarudishwa hata sehemu, na mtoto akiondoka kisha akarejea unalipwa upya? Baadhi ya shule huufanya mkopo: unaikopesha shule bila riba na unarudishiwa mtoto akiondoka. Hapo uliza unarudishwa ndani ya siku ngapi, na kwa sarafu gani. Pesa iliyokaa miaka kumi bila riba inarudi na tarakimu zile zile, lakini haina tena nguvu ile ile.

Kundi la pili ni amana. Inarudi, ndiyo, ila kwa masharti: notisi iwe imetolewa kwa wakati, ankara zote zimelipwa, vitabu vya maktaba vimerudishwa. Iandike kwenye bajeti yako kama pesa iliyotoka. Ikirudi, ni heri.

Kundi la tatu ni karo yenyewe, na hapa tazama ngazi. Karo ya chekechea ni ndogo, inapanda msingi, inapanda tena sekondari, na darasa la Diploma au A Level huwa juu kabisa. Mzazi anayeangalia mstari wa darasa la mtoto wake leo anaona ngazi moja tu ya ngazi atakazopanda. Kisha kuna ongezeko la kila mwaka juu ya ngazi hizo. Omba jedwali la mwaka huu pamoja na ya miaka mitatu iliyopita. Shule inayojiamini haioni tabu kutoa. Karo inayopanda kwa asilimia 8 kila mwaka huwa mara mbili ndani ya miaka 9, na hiyo ni kabla mtoto hajapanda ngazi yoyote.

Huduma za kila mwaka nazo zimo hapa: basi, chakula, sare, vitabu, bima, klabu za baada ya masomo. Basi mara nyingi hulipwa kwa mwaka mzima hata ukilitumia nusu yake.

Kundi la nne ndilo linalowashtua wengi. Mitihani ya IGCSE na A Level hulipiwa kwa kila somo, na kijana wa IGCSE anaweza kuwa na masomo manane au tisa. Diploma nayo ina ada zake za mitihani. Laptopu inayotakiwa ya aina fulani, safari ya darasa ya wiki nzima kwenda nchi nyingine, masomo ya muziki ya mtu mmoja mmoja, yote haya huja kwa barua tofauti na hayaonekani kwenye jedwali la kwanza.

Mtoto ambaye Kiingereza chake hakijakomaa, au anayehitaji msaada wa kujifunza, ana mistari yake. Shule nyingine huweka msaada huo ndani ya karo. Nyingine hutoza kwa saa, na zipo zinazomtaka mzazi alipe mshahara mzima wa msaidizi wa darasani. Pata jibu hilo kwa maandishi kabla ya tathmini, na useme ukweli wote kuhusu mtoto. Najua hofu ya wazazi kwamba wakieleza shida ya mtoto atakataliwa. Lakini mtoto aliyeingizwa kwa kufichwa ndiye anayeumia, na mikataba mingi inairuhusu shule kumwondoa ikigundua taarifa zilifichwa.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya miaka yote, si ya mwaka mmoja

Tuchukue mfano usio na sarafu. Shule ya kwanza ina karo ya 100 kwa mwaka na mchango wa majengo wa 30, unaolipwa mara moja na haurudi. Shule ya pili ina karo ya 112 na haina mchango wowote. Zote zinapandisha karo kwa asilimia 5 kila mwaka, na huduma nyingine zinalingana.

Mwaka wa kwanza unalipa 130 shule ya kwanza na 112 ya pili. Mkikaa miaka miwili jumla ni 235 dhidi ya karibu 230, na shule ya pili bado ni nafuu. Mwaka wa tatu mambo yanageuka: takriban 345 dhidi ya 353. Mkikaa miaka sita ni kama 710 dhidi ya 762.

Kwa familia ya mkataba wa miaka miwili jibu ni shule ya pili. Kwa wanaokaa hadi mtoto amalize, ni ya kwanza. Ndiyo sababu ile karatasi ya hatua ya kwanza inatangulia. Tengeneza jedwali lako kwenye daftari au kwenye kompyuta: safu moja kwa kila mwaka hadi wa kutoka, mstari mmoja kwa kila ada, na kila mtoto na ukurasa wake. Punguzo la ndugu liingize mwishoni, baada ya kuuliza linamhusu mtoto wa pili au kuanzia wa tatu, na linakata karo peke yake au na ada nyingine.

Kama karo inadaiwa kwa sarafu ya kigeni na mshahara wako ni wa sarafu ya nyumbani, ongeza mstari wa tahadhari. Sarafu ya kigeni ikipanda kutoka 100 hadi 120 za kwenu, karo yako imepanda kwa asilimia 20 na shule haijagusa chochote. Uliza kama shule inapokea sarafu ya ndani na inatumia kiwango cha siku gani: cha siku ya ankara au cha siku ya malipo.

Hatua ya 6: Nenda ukaone, siku ya kawaida

Siku ya maonyesho kila kitu kinang'aa. Omba kwenda siku ya wiki, saa za masomo, na mtoto wako kama inawezekana.

Darasani tazama ukutani. Kazi za watoto zilizobandikwa zina tarehe ya lini? Zinatofautiana, au zote ni nakala moja iliyopakwa rangi? Chukua daftari moja ukiruhusiwa na utazame mwalimu ameandika nini pembeni. Alama ya vema peke yake haimfundishi mtoto kitu. Sentensi moja inayomwambia afanye nini safari ijayo inamfundisha. Dakika tano na daftari zimeniambia mengi kuliko saa nzima na mkuu wa shule.

Muulize mkuu wa shule walimu wangapi wameondoka mwaka jana. Walimu wa shule hizi mara nyingi huanza na mikataba ya miaka miwili, kwa hiyo kuondoka kwa baadhi ni kawaida, lakini theluthi ya walimu ikiondoka kila mwaka mtoto wako ataanza upya kila Septemba. Uliza pia nani anahusika na ulinzi wa mtoto, kwa jina na cheo, na kama kila mtu mzima anayekaa na watoto amekaguliwa rekodi ya jinai katika kila nchi aliyofanya kazi. Mwaka 2014 mashirika ya shule za kimataifa yaliunda kikosi kazi cha pamoja kuhusu jambo hili, kwa kuwa watu wabaya walikuwa wakihama nchi hadi nchi bila kufuatiliwa. Shule inayokunja uso kwa swali hili, ondoka.

Pita chooni na kwenye chumba cha mgonjwa. Kisha simama getini saa ya kutoka, uzungumze na wazazi wawili watatu. Waulize ankara ya mwisho iliyowashangaza ilikuwa ya nini.

Hatua ya 7: Mkataba na malipo

Usisaini ofisini. Beba mkataba nyumbani, usome wote, na utafute vifungu hivi: notisi ya kuondoka ni ya muda gani na inahesabiwa kuanzia lini; karo iliyolipwa inarudishwa mtoto akiondoka katikati; shule ikifunga kwa dharura au kuhamia masomo ya mtandaoni itakuwaje; faini ya kuchelewa kulipa ni kiasi gani; na shule inaweza kuzuia ripoti au nakala za alama kwa sababu ya deni? Notisi ya muhula mmoja kamili ni ya kawaida, na "muhula kamili" maana yake ni kabla ya siku ya kwanza ya muhula wa mwisho wa mtoto. Hiyo ndiyo iliyonikamata mimi.

Mwajiri akilipa, mwonyeshe mkataba huo. Wengi hulipa karo tu na kukuachia mchango, basi na mitihani. Muulize pia: kazi ikikatishwa ghafla, nani anabeba karo ya notisi? Na uangalie kama malipo hayo yanahesabiwa kuwa kipato chako cha kutozwa kodi.

Punguzo la kulipa mwaka mzima kwa mkupuo linavutia. Lichukue kama una uhakika wa kukaa na pesa si ya mkopo. Vinginevyo kulipa kwa muhula, hata kwa nyongeza kidogo, ni bima dhidi ya safari usiyoitarajia. Ukituma pesa kutoka nchi nyingine, chagua gharama zote za benki zilipwe na mtumaji. La sivyo benki za katikati zitakata chao, shule itapokea pungufu, na utaona faini ya salio dogo usilolijua. Na ukipokea barua pepe kwamba akaunti ya shule imebadilika, usilipe. Piga simu kwa namba uliyonayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye barua hiyo. Wizi wa namna hii umewapata wazazi wengi msimu wa karo.

Kama hesabu haikubali na shule ndiyo inayomfaa mtoto, uliza ufadhili mapema. Nafasi nyingi hufungwa miezi mingi kabla ya mwaka wa masomo, na zile zinazotazama kipato hutaka nyaraka za mshahara na kodi. Kwa vijana wa miaka 16 hadi 19 zipo pia United World Colleges, mtandao wa shule zinazofundisha Diploma ya IB, ambazo chuo chao cha kwanza kilifunguliwa Wales mwaka 1962. Maombi hupitia kamati za kitaifa, na ufadhili hutolewa kwa kutazama uwezo wa familia.

Ukishasaini, fungua faili moja: mkataba, jedwali la ada la mwaka wa kujiunga, risiti ya amana, risiti ya mchango, barua zote za walichokuahidi. Chukua kalenda ya shule, tafuta siku ya kwanza ya kila muhula, rudi nyuma kwa kipindi cha notisi, na uandike tarehe hizo kwenye simu yako pamoja na kikumbusho cha wiki mbili kabla. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, kabla mtoto hajavaa sare kwa mara ya kwanza.